Dawa Yenye Ukungu

Ninyi wauguzi na wafamasia mnaoanza kazi sasa, nasikia hamtazami tena dawa dirishani. Mna kabati la kioo lenye feni, mna taa nyeupe isiyomwachia hata sisimizi pa kujificha, na dawa inatoka humo imefunikwa gubigubi kwa mfuko mweusi. Inatundikwa, mgonjwa anatazama ukuta, basi. Sina ugomvi na kabati lenu. Ningekuwa nalo ujanani, kucha zangu zisingekuwa zimeliwa na dawa hivi. Lakini nina neno kuhusu dirisha, na mtanivumilia, maana nikianza sinyamazi upesi. Marehemu mume wangu akinisikia tu nasema "Nalongo aliniambia," alikuwa anachukua redio yake anahamia nje.

Mimi ni Mnubi wa Bombo. Baba yangu alikuwa dereva wa polisi, na Kiswahili nilikikuta nyumbani kama nilivyokuta sufuria. Vita vya mwaka themanini na sita vilipokwisha, nikapangiwa wodi ya kansa katika hospitali moja hapa Kampala. Wakati huo Kiswahili hakikuwa lugha ya kutembea nayo kifua mbele. Watu walikuwa wamekisikia kwa bunduki. Ukimsalimu kwacho mama anayeuza matoke, anakukunjia uso na kukuchagulia mkungu mbovu. Wodini, hata hivyo, kilikuwa na kazi. Akija mwanajeshi kutoka kaskazini, akija Mkongo, akija Mkenya aliyeugulia njiani na lori lake, utasikia, "Mwiteni Hawa." Ndivyo nilivyopandishwa cheo nikawa mdomo wa kila mtu, bila kuongezwa mshahara.

Sista mkuu wetu, yaani mkuu wa wauguzi wa wodi, alikuwa Nalongo. Jina lake la ubatizo sikumbuki kulisikia zaidi ya mara chache. Alizaa pacha, na hapa kwetu mama wa pacha anaitwa Nalongo mpaka kaburini. Mfupi, mpana, na sauti yake ilikuwa ya kukaripia hata anapokusifu. Kiswahili chake kilikuwa kilema wa miguu yote miwili, lakini kilifika alikotaka kukituma.

Siku hizo umeme ulikuja ukipenda. Glavu tulizifua na kuzianika. Tulichanganya dawa za kansa kwenye meza ya mbao iliyosukumwa mpaka dirishani, upande unaotazama bonde, kwa kuwa mwanga pekee tulioweza kuutegemea ulikuwa wa jua. Nalongo alinifundisha kazi yote hapo. Upepo ukivuma, acha, ngoja utulie, usivute hewa ya dawa. Dawa ya unga ukiitia maji, izungushe kichupa kati ya viganja taratibu, kama mtu anayewaza. Usiitikise kama unacheza ngoma. Halafu inyanyue dirishani. Dawa ikiwa safi, utaliona bonde lote kupitia humo, mabati ya watu na migomba yao, hata kama dawa yenyewe ni nyekundu au ya manjano. Ukiona ukungu, au hata kachembe kamoja, mwaga.

"Hawa," aliniambia, "ukungu ni uchafu. Usimtie mtu ukungu kwa mshipa."

Mimi nilimwona anamwaga dawa ambayo tuliingoja miezi. Moyo uliniuma mpaka nikataka kulia. Yeye akanawa mikono akaendelea.

Sasa, desturi ya kumwonyesha mgonjwa dawa yake haikutoka kwenye kitabu chochote. Ilitoka kwa afande mmoja. Alikuwa sajini, mrefu, mkimya, amepigana msituni na kutoka mzima, halafu kansa ikamkuta nyumbani. Akapewa ile dawa nyekundu ambayo ninyi nyote mnaijua. Kila mtu wodini alijua kwamba inageuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja mbili, na kwa sababu kila mtu alijua, hakuna aliyekumbuka kumwambia. Asubuhi afande akaenda msalani. Tukasikia ukelele. Akatoka ameshika suruali kwa mkono mmoja, anapaza sauti kwamba amepigwa risasi, damu inamtoka. Jamani, wagonjwa waliokuwa wodini walikuwa watu wa vita wale. Waliposikia mwanajeshi anasema amepigwa, waliingia chini ya vitanda na dripu zao. Mzee mmoja ambaye tulidhani hawezi kugeuka upande wa pili alikuwa wa kwanza kufika chini.

Tulicheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma. Afande mwenyewe alicheka baadaye, nilipomweleza kwa Kiswahili akaelewa. Nalongo hakucheka. Aliniita mezani kwake. "Huyu mutu risasi yote imemukosa," akasema, "halafu sisi ndiyo tumemutisha. Aibu yetu."

Tangu siku hiyo hakuna dawa iliyotundikwa kabla mgonjwa hajaiona. Unaibeba mpaka kitandani, unainyanyua kwenye mwanga, unamtajia jina lake, rangi yake, na vituko vyake vyote. Na mgonjwa akisema hapana, tunasimama. Wageni waliona tunapoteza muda. Lakini wagonjwa walijifunza haraka mno. Mwenye kurudi mara nyingi alikuwa mkaguzi kuliko maafisa wa forodha pale Malaba. Walikuwa wananinyang'anya mfuko mkononi, wanaugeuza, wanafumba jicho moja. Nilikuwa nawatania kwamba nikistaafu nitawaachia kazi.

Katika hao wakaguzi, hakuna aliyemshinda Mama Riziki.

Alikuja kwetu miaka mingi baada ya afande, wakati nilipokuwa nimekomaa na Nalongo anakaribia kustaafu. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, alikimbia vita na binti yake mmoja, akapanga chumba Katwe, akawa anatembeza vitenge begani mtaa kwa mtaa. Kansa ya titi. Dawa za kwanza zilimkubali vizuri. Uvimbe ukanywea, akaanza hata kunichagulia vitenge kwa nguvu, ananiambia rangi ninazopenda zinanizeesha. Halafu ukarudi. Tukabadilisha dawa, ukanywea kidogo, ukarudi tena, na safari hii ukawa unaziona dawa zetu kama maji.

Binti yake, Riziki, alikuwa bado shule ya msingi. Alikuwa anakuja na sare yake moja kwa moja kutoka shuleni, anakaa miguuni pa kitanda anafanya hesabu. Kampala nzima hawakuwa na ndugu hata mmoja. Siku moja mtoto ametoka kuchota maji, mama yake akanishika mkono.

"Mama Hawa, mi nikikufa, huyu mutoto atabakia na nani?"

Nikamwambia, "Hujafa, Mama Riziki."

"Hiyo haiko jibu," akasema, akaniachia mkono.

Kweli halikuwa jibu. Nilikwenda nyumbani nalo, nikala nalo, na bado halikuwa jibu.

Daktari wetu wakati huo alikuwa kijana mpole kutoka Gulu, Daktari Ocen, mtu wa kuchora. Ukimuuliza jambo anatafuta kipande cha karatasi. Alinichorea seli ya kansa kama nyumba yenye geti, na getini akaweka askari. Akaniambia kwamba kansa iliyozoea dawa imeajiri askari wengi. Dawa ikiingia, wanaitambua sura, wanaishika shingo na kuitupa nje kabla haijafanya kazi. Ukiongeza dawa ili uwazidi nguvu askari, unauumiza moyo wa mgonjwa, maana ile nyekundu na moyo hazipatani, na Mama Riziki alikuwa ameshapewa karibu yote ambayo moyo wa mtu unaweza kustahimili. Ndipo akanitajia neno nano, yaani kitu kidogo kupita kiasi. Kuna dawa nyekundu ileile, akasema, lakini imefungwa ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo kiasi kwamba hata darubini yetu ya maabara haivioni. Mishipa ya damu ya uvimbe imeshonwa ovyo, ina matundu, vifuko vinapenya pale na kukusanyika. Moyo una mishipa mizuri, hauvipokei sana. Na baadhi ya vifuko huingia kwenye seli kwa mlango mwingine ambao askari hawausimamii. Pamoja nayo angempa dawa ya pili, inayoipiga kansa kwa upande mwingine, ili isipate nafasi ya kujipanga.

"Itamponya?" nikamuuliza.

"Siahidi kuponya," akasema. "Naomba muda. Mtoto akue."

Dawa ikaja kwa msaada, kwa jina la mgonjwa huyo, kichupa kimoja kwa kila mzunguko. Daktari akanipa masharti yake. Changanya na maji ya sukari, usithubutu maji ya chumvi. Usitikise. Usiipitishe kwenye chujio. Isigande. Na akaniambia, usishangae, hii ina ukungu tangu ilikozaliwa.

Nikachanganya. Nikainyanyua dirishani kwa mazoea. Bonde halikuonekana. Palikuwa na wekundu mzito uliofifia, kama maji ya hibiski yaliyotiwa tone la maziwa. Nilijua, nilikuwa nimeambiwa, na bado nikasogea hatua moja kuelekea ndoo ya taka. Miaka yote ile mkono wangu ulikuwa umefundishwa kumwaga kitu cha namna hiyo. Nikaibeba mpaka kitandani, nikainyanyua kwenye mwanga kama desturi yetu ilivyotaka.

Mama Riziki alifumba jicho moja. Akafungua. "Hii haiko safi," akasema. "Mama Hawa, hii iko muchafu. Sitaki."

Nikafungua mdomo nieleze, nikasikia sauti nyuma yangu. "Mwaga." Nalongo alikuwa amesimama pale na miwani yake puani. "Hawa, nilikufundisha nini? Hiyo dawa imekufa. Mwaga."

Sasa jiwekeni mahali pangu. Dawa ikishachanganywa haikai. Daktari yuko upande wa wagonjwa wa nje, foleni yake inafika barabarani. Mkononi nina kitu ambacho mtoto mmoja wa shule anategemea ili asibaki peke yake Kampala, na wanawake wawili ninaowaheshimu kuliko wote wodini wananiambia nikimwage. Na ubaya wenyewe ni kwamba walikuwa na haki. Walifanya kile hasa tulichowafundisha. Ningeweza kusema, "Daktari amesema," nikatundika. Wengi wangetundika. Lakini mgonjwa akisema hapana tunasimama. Nikasimama. Nikamtuma mtu amwite daktari, halafu nikavuta kigoda nikakaa.

"Nalongo," nikamwambia, "mwaka jana kwenye harusi ya mwanao tulikula nini?"

Akanitolea macho. "Umekuwa mwendawazimu?"

"Tulikula nini?"

"Luwombo," akasema. "Ya kuku."

Mama Riziki hakuijua, nikamweleza. Waganda wanachukua jani changa la mgomba, wanalipitisha motoni lilainike, wanaweka kuku na mchuzi wa karanga ndani, wanafunga kwa kamba, wanapika kwa mvuke. Mchuzi wote unabaki ndani mpaka linafunguliwa mbele yako. Nikamwambia, dawa hii ndiyo ileile nyekundu uliyoizoea, ila imefungwa luwombo. Kila tone lina vifurushi visivyohesabika. Ile ya zamani ilikuwa inamwagika njiani, inaunguza moyo, ikifika kwenye kansa askari wanaijua kwa harufu. Hii inasafiri imefungwa.

Nalongo aliipandisha miwani yake. Nilimjua. Alikuwa anatafuta pa kunipiga. "Na huo ukungu?"

"Ndiyo majani yenyewe. Moja moja huyaoni. Yakijaa yanazuia mwanga. Ukungu ukiondoka, Nalongo, ndiyo tujue majani yamechanika."

Akauchukua mfuko, akaenda nao dirishani, akakaa nao pale kitambo. Daktari Ocen akafika anahema. Nalongo akamuuliza maswali yaleyale, kwa ukali, kama anahoji mwizi, naye akajibu moja baada ya jingine, mwisho akasema, "Mlifanya vizuri kusimama. Mimi ndiye niliyepaswa kuja kumweleza mgonjwa kabla."

Mama Riziki hakuwa anamtazama daktari. Alikuwa anamtazama Nalongo. "Weye ungeikubali?"

Nalongo hakuwa mtu wa kutoa majibu ya kufurahisha watu. Alivua miwani. "Ningeogopa," akasema. "Lakini kama niko na mutoto kama huyu wako, ningekubali."

"Basi tundika," akasema Mama Riziki.

Tukaanza taratibu. Hapo vijana nisikilizeni, kwa kuwa mnapenda haraka. Dawa ya namna hii siku ya kwanza inapitishwa polepole, na wewe hutoki kwenda kunywa chai. Haukupita muda uso ukamwiva Mama Riziki, akashika kiuno, akasema mgongo unapasuka na pumzi haitoshi. Nikafunga dripu. Nalongo akamshika mabega, daktari akamtia dawa ya mzio, tukangoja mpaka rangi ikarudi. Alipoweza kusema, akasema, "Niliwaambia iko muchafu," na kwa mara ya kwanza nikamwona Nalongo anacheka mbele ya mgonjwa. Tukaanzisha upya, polepole zaidi, ikapita yote. Mara zilizofuata haikumsumbua tena hivyo.

Na ilifanya kazi. Sisemi muujiza. Uvimbe ulilainika, maumivu ya mkono yakapungua, akaweza kujifunga kitenge mwenyewe. Lakini nano nayo ina dhuluma zake. Viganja na nyayo zikawa nyekundu, zikauma, zikaanza kumenyuka. Mwambieni mgonjwa mapema: maji ya moto akae nayo mbali, viatu vya kubana aviache, mikono ailoweke kwenye maji ya baridi, asisugue wala asitwange. Kumwambia mwanamke wa Bukavu asitwange sombe, kisamvu chao, ni sawa na kumwambia asipumue. Alilia kwa ajili ya sombe, yeye ambaye hakulia kwa ajili ya kansa.

Siku hizi nasikia kuna dawa ambazo zote mbili zimefungwa ndani ya jani moja, zikisafiri pamoja kwa kipimo kilekile mpaka mlangoni, moja ishughulike na askari na nyingine iingie ndani. Nafurahi sana kusikia. Enzi yetu zilipita mirija tofauti na tukaomba Mungu zikutane.

Basi ukaja msimu wa mvua. Ninyi watu wa Kampala mnajua, wingu likitanda upande wa ziwa, umeme unaaga. Na kila mwenye friji hapa anajua la kufanya: unakizungusha kidude cha friji mpaka mwisho wa baridi kabla umeme haujakatika, ili baridi ikae muda mrefu. Ndivyo tunavyookoa nyama, maziwa, soda za kuuza. Mama zetu wanafanya hivyo, nami nafanya mpaka leo.

Asubuhi moja kichupa cha Mama Riziki kilikuwa kwenye friji la wodi, naye amekuja na Riziki, shule zimefungwa. Bwaise, mtaa anakoishi Nalongo, ilikuwa imefurika, akachelewa, akafika na gambuti zake zimejaa tope. Mimi nilikuwa nimekitoa kichupa, nikakiacha mezani kitoe baridi, nikachanganya. Nikatazama dirishani. Anga lilikuwa limefunga, bonde lote la kijivu, nikaona ukungu, na ukungu ndio niliokuwa natarajia. Nikaupeleka mfuko kitandani. Mama Riziki akaupokea kwa ncha za vidole, maana viganja vilikuwa vinamuuma, akauinamisha upande huu, akauinamisha upande ule, jicho moja limefumbwa.

"Leo haiko ule ukungu," akasema.

"Ni uleule, Mama Riziki."

"Hapana. Ule ulikuwa laini. Hii iko kama maziwa ilikatika. Angalia chini."

Nikapiga magoti, nikatazama kutoka chini kwenda juu. Kweli. Chembe, ndogo, nyekundu, zinashuka taratibu pembeni mwa mfuko. Nalongo alikuja akatazama juu ya bega langu, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Aliporudi alikuwa ameukunja mkono wake ndani ya aproni kama mtu aliyeungua.

"Ni mimi," akasema. "Jana nimeona mawingu. Nimezungusha ile kitu mpaka mwisho. Nilitaka dawa yake isiharibike."

Mwanamke aliyemwaga dawa za miezi kwa sababu ya kachembe kamoja. Mwanamke aliyesimama dirishani na mfuko huo mpaka akaamini, na akishaamini, akawa anaupenda kuliko sisi sote, analifungua friji kila mara kuhakikisha kichupa kipo. Kimeganda kwa sababu alikijali.

Daktari akaja, akatazama, akatikisa kichwa. Kichupa kingine hakikuwepo Uganda nzima. Riziki alikuwa amesimama ukutani anasikia yote. Akamwambia daktari, "Mumupe tu. Musawo, tafadhali. Hata kama ni mbovu kidogo, si ni bora kuliko hakuna?"

Nadhani kila mmoja wetu alikuwa ameshaliwaza hilo na kuliona aibu kulisema. Daktari akachuchumaa mbele yake. Akamweleza kwamba majani yamechanika, kwamba dawa yote iliyokuwa imefungwa sasa iko wazi, na itamwagikia moyo wa mama yake kwa mkupuo, moyo ambao umeshachoka. Mtoto akaanza kulia, si kwa kelele.

"Tupa," akasema Mama Riziki. "Mi ndiye nasema. Tupa."

Nalongo ndiye aliyeutupa. Alikataa mtu mwingine aushike. Halafu akarudi akasimama kando ya kitanda na gambuti zake za tope. "Nsonyiwa," akasema, yaani nisamehe, kwa Kiganda, Kiswahili chote kilikuwa kimemkimbia.

Mama Riziki akamvuta akae. "Ni nani alinifundisha kuangalia? Si weye? Kama haukunifundisha, leo mulikuwa munanizika." Akamshika mkono kwa ncha za vidole. "Mi nakuogopea weye, Nalongo. Usiugue."

Tuliingoja dawa nyingine kwa wiki ambazo sitaki kuzikumbuka. Uvimbe ulianza kukaza tena na kila mtu aliuona. Nalongo akitoka kazini hakuteremkia Bwaise. Alikuwa anapita sokoni ananunua majani ya muhogo, anakwenda Katwe, anatwanga. Muganda wa Masaka, sista mkuu, anatwanga sombe kwenye kinu cha kuazima huku Mkongo amelala mkekani anamsahihisha. "Bado! Hiyo bado ni majani!" Riziki alinihadithia kwamba sombe ya kwanza haikulika, na walikula yote.

Dawa ikaja. Tukainyanyua dirishani mimi, Nalongo na Mama Riziki, sote watatu. Ukungu laini. Tukatundika.

Alipata muda. Daktari Ocen aliuomba muda na alipewa, mwingi kuliko tuliothubutu kutaja. Riziki alimaliza shule ya msingi, akaingia sekondari, akaimaliza, akajifunza cherehani. Lakini kansa ni mwanafunzi hodari, na mwisho ilijifunza hata luwombo yetu. Siku daktari alipomwambia Mama Riziki kwamba hatutundiki tena, alikubali kwa kichwa, akaniuliza kama nimevaa kile kitenge kipya au bado nazeeka.

Nilikwenda kumwona mwezi wake wa mwisho. Hakuwa Katwe. Alikuwa Bwaise, kwa Nalongo, ambaye alikuwa amestaafu na kuinua kitanda kwa matofali ili mafuriko yakija yapite chini. Cherehani ya Riziki ilikuwa sebuleni. Nilikuwa nimebeba chupa ya mofini, ile ya kunywa, ya kijani, tunayowapa wenye maumivu makali. Nikamimina kiasi kwenye kikombe, nikakisogeza mdomoni mwake. Akaukwepesha mdomo.

"Sijaiona," akasema.

Mikono yake haikuwa na nguvu tena. Riziki akaichukua chupa kwangu bila kuambiwa, akaenda nayo mpaka usawa wa dirisha, akainyanyua, akaiinamisha upande huu, akaiinamisha upande ule. Upande wa pili wa chumba, karibu na dirisha, Nalongo alikuwa amekaa kwenye mkeka na miwani yake puani, anamshonea Riziki vifungo vya nguo ya mteja.

Mama Riziki alifumba jicho moja, akatazama muda mrefu.

"Hii iko safi," akasema. "Namuona Nalongo."

Kisha akafungua mdomo akanywa.